Tupeane uzoefu: fremu yako ya biashara uliipataje, na ulikuja kujua nini baada ya kulipa kodi?

Habari za leo wadau. Natafuta fremu ya kuuza nguo za watoto. Mtaji upo, mzigo wa kuanzia nimeshauchagua Kariakoo, kilichobaki ni mahali. Dalali amenionyesha mbili Tabata. Moja iko barabarani kabisa, upande wa Segerea, kodi 350,000 kwa mwezi. Nyingine iko ndani kidogo, jirani na soko, 200,000. Zote wanataka miezi 6 mbele, na dalali anataka chake cha mwezi mmoja. Ya barabarani inanila 2,450,000 kabla sijapiga hata shelfu. Ya ndani 1,400,000.

Naomba wenye biashara tusimuliane. Ulipanga wapi, ulikubaliana nini, na kilitokea nini baadaye? Nasoma kila jibu.

Mdau wa mabegi, Dar

Nilikuwa nauza mabegi na blanketi Ubungo, jirani na kituo cha mabasi ya mikoani. Ukifungua saa 11 alfajiri unakuta mtu anakusubiri mlangoni. Mteja wangu hakuwa mkazi wa Ubungo, alikuwa msafiri. Mwaka 2021 mabasi yakahamia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Fremu ile ile, kodi ile ile, msafiri hayupo. Jirani yangu wa chakula aliweza kubaki kwa sababu alikuwa na mafundi na wafanyakazi wa hapo hapo. Mimi nilifuata mabasi.

Kwa hiyo kwako wewe swali langu ni hili: hao watu wanaopita mbele ya fremu wameletwa na nini? Shule? Zahanati? Soko? Kituo cha daladala? Ukishajua, uliza kama hicho kitu kina mpango wa kuhama. Ujenzi wa Mbezi ulionekana kwa macho muda mrefu kabla mabasi hayajahama.

Wa steshenari, Dodoma

Mimi niko Ng'ong'ona, jirani na UDOM. Wanafunzi wakifunga chuo mwezi wa saba, mtaa unanyamaza mpaka waanze kurudi kuelekea mwezi wa kumi na moja. Kodi haifungi chuo. Nilichofanya ni kumwomba mwenye fremu nilipe kwa mihula: kiasi kikubwa chuo kikiwa wazi, kidogo wakati wa likizo, jumla ya mwaka ibaki vile vile. Alikubali na tukaandika. Wenye fremu wengi wanasikiliza ukiwaeleza biashara yako inavyokwenda, hasa kabla hujatoa hela.

Mama wa Kariakoo

Suala la kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, ndugu zangu tulizungumze vizuri. Mpangaji aliyekuwa akitoka alinitaka nimpe kilemba aniachie fremu, eneo zuri sana, mtaa wenye watu tangu asubuhi. Nikamwambia nionyeshe mkataba wako. Akasita, mwishowe akautoa. Kipengele kimekaa wazi kabisa: haruhusiwi kumpangisha wala kumkabidhi mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Maana yake kilemba ningempa yeye, na mwenye nyumba angenitoa kesho yake kwa haki.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Huko nikakuta nyumba ni ya urithi, ndugu watano. Anayekuja kukusanya kodi kila baada ya miezi sita ni kaka mkubwa, lakini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni dada yao, anaishi Tanga. Nikasema sitoi shilingi mpaka dada aje asaini, na barua yake ya usimamizi wa mirathi niione. Kaka alinuna. Dalali akaniambia kuna mtu mwingine anaitaka, nitaikosa. Nikamwambia basi nitaikosa.

Dada alikuja, tukasaini kwa wakili, nakala ya barua ikabanwa pamoja na mkataba. Ndugu walipokuja kugombana, fremu ya jirani, ambayo mpangaji wake alimlipa kaka mkononi, iliambiwa ilipe upya. Yule baba aliteseka sana, na hela alikuwa ametoa kweli. Mimi waliniacha.

Ukikutana na dalali muulize jina la anayesaini, kisha kathibitishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mara nyingi anajua nyumba ni ya nani na kama ina kesi.

Fundi wa grili

Nyie mnazungumzia wateja, sisi wa karakana tunaanza na umeme. Mashine yangu kubwa inataka umeme wa njia tatu. Usikubali kuambiwa "nguzo iko hapo nje, utavutiwa tu". Fungua mita uangalie, au nenda TANESCO uulize gharama kabla ya mkataba. Na kama LUKU ni moja kwa fremu nne, ujue kabisa mwenye friji na mwenye saluni mtagombana kila wiki. Mimi nilidai mita yangu iwe kwenye mkataba, na gharama ya kuiweka ikakatwa kwenye kodi.

Wa duka la dawa

Kwa biashara yangu jengo lenyewe linasajiliwa, Baraza la Famasi wanaangalia chumba na umbali kutoka duka jingine la dawa. Ukilipa kodi kabla ya ukaguzi unacheza kamari na hela ya mtaji.

Mama vitenge, Tabata

Mwanangu mleta mada, mimi ni wa huko huko. Hiyo ya barabarani inatazama wapi? Kama mlango unatazama magharibi, jua la saa 9 mpaka saa 12 jioni litaingia moja kwa moja kwenye nguo ulizotundika mbele. Kitenge changu cha dirishani kilipauka mkunjo mmoja, upande wa pili rangi ikabaki. Sikuweza kukiuza. Gauni jeupe la mtoto ndiyo usiseme, linageuka manjano.

Halafu angalia ukuta wa ndani. Ukikuta rangi mpya inaishia usawa wa kiuno, uliza masika maji yanafika wapi. Usimuulize dalali, muulize muuza genge wa jirani.

Mimi ningechukua ya ndani. Barabarani watu wengi wako ndani ya daladala, wanaiona fremu yako kupitia dirishani na wanakwenda zao. Njia ya sokoni mama anapita kwa miguu na mtoto mgongoni, na hela mkononi.

Mdau mwingine

Naheshimu mawazo ya mama, ila barabarani nako kuna wateja wa bodaboda na magari kama pana pa kusimama. Tatizo ni barabara kuu: eneo lake la hifadhi kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Fremu iliyo ndani ya hizo mita usiiguse.

Mhasibu

Nyongeza muhimu. Mfanyabiashara anayelipa kodi ya pango anatakiwa kukata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kwenye 2,100,000, pango la miezi 6 la ile fremu ya barabarani, ni 210,000. Wenye nyumba wengi wanataka hela yao kamili mkononi, hiyo 10 inakuangukia wewe. Kubalianeni mapema na muandike. Kuna na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka.

Mleta mada

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko mnavyodhani. Nimeuliza: ya barabarani inatazama magharibi, na anayeitoa kupitia dalali ni mpangaji anayeondoka, si mwenye nyumba. Ya ndani mwenyewe anaishi nyuma ya fremu. Jumamosi nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nitakaa kwenye genge la jirani kuanzia saa 10 jioni niangalie kina mama wanaotoka sokoni wanapita upande gani. Nimeomba pia nilipe miezi 3 badala ya 6, anasema tutaongea. Kuna aliyewahi kukubaliwa miezi 3 Tabata? Ulimwambiaje?