Naomba ushauri: fidla ya babu imeachia gundi

Wakuu, habari za leo. Nimerithi fidla ya babu, aliyekuwa akipiga taarabu Unguja. Ndani ina karatasi imeandikwa "Antonius Stradivarius Cremonensis". Msinicheke, najua Stradivari, yule fundi maarufu wa fidla wa Italia, alifariki 1737 na viwanda vya Ujerumani vilibandika karatasi kama hizo kwa maelfu. Wala siitafutii mnunuzi. Shida ni kwamba ubao wa juu umeachia ubavuni, na kile kijiti cha ndani kinachoubeba kimeanguka, kinagongagonga tu. Seremala wa mtaani anataka kuubandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Nasita, maana fidla hubandikwa kwa gundi inayotengenezwa kwa ngozi ya wanyama ili siku nyingine ifunguke bila kupasuka. Nimwachie? Au kuna fundi wa fidla Dar ama Zanzibar mnayemwamini? Nyuzi zote nimeshazilegeza.