Vitabu vya babu, chumba cha nyuma

Ba Mdogo: Asalaam aleykum wanafamilia. Fundi rangi anaingia Muheza j3, chumba cha nyuma lazima kiwe kitupu. Vitabu vya mzee nani anachukua? Vinajaza viroba vitatu hivi, asipopatikana mtu nampa mama wa karanga wa pale stendi, ashaviulizia

Shangazi: Waaleykum salaam. Karanga tena jamani 😢

Kaka: Shikamooni. Ila kwani nani anavisoma? mi toka nizaliwe lile kabati linafunguliwa kufuta vumbi tu. kuna cha trekta na babu hakuwahi kuwa na trekta, kuna cha kilimo cha pamba wakati kwetu ni machungwa na mkonge

Mama Junior: Shikamoo shangazi, shikamoo ba mdogo. Navichukua mimi VYOTE. Na nisiwadanganye, sitavisoma, cha trekta sitafungua hata ukurasa. Lakini mtu aliyeishia darasa la nne akawa ananunua kitabu kimoja kimoja kila akipata hela, bei na tarehe anaandika ndani ya jalada, mi nikiona lile kabati naona vitu alivyokuwa anatamani kuvijua, sasa hilo nalifungia karanga kweli?

Kaka: Sawa dada, ila kwako vyumba viwili

Mama Junior: Vitakaa juu ya kabati la nguo. Junior akue anaviona

Shangazi: Nyie hamkuwepo. Mwalimu Nyerere alivyotangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima baba akaanza kufundisha kisomo jioni. 1973 ikaja kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, watu wanakaa chini ya mwembe na redio yetu, kipindi kikiisha mmoja anasoma kijitabu kwa sauti wengine wanajadili, maji ya kunywa yachemshwe, vyoo vichimbwe, na kile choo cha zamani nyuma ya jiko baba alikichimba baada ya hapo. Kijitabu chenyewe kimo humo humo kabatini

Ba Mdogo: Kipo nimekiona, hakina jalada. Dada nisikufiche, rafu ya chini mchwa wameingia, kamusi ile ya Kiswahili ya TUKI ya 1981 imeliwa kona

Mama Junior: Ba mdogo vitoe vianikwe kivulini, jua kali linakausha gundi kurasa zinatoka. Vilivyoliwa viweke mbali na vizima. Usitie kwenye viroba vitajikunja, omba maboksi dukani, hela ya maboksi na ya basi natuma leo jioni

Ba Mdogo: Na cha trekta?

Mama Junior: Na cha trekta

Shangazi: Mwanangu mi naomba kimoja tu, hicho cha Mtu ni Afya. Nyuma kuna jina la mama kaandika kwa penseli mara tano sita hivi, herufi kubwa kubwa, ndo alikuwa anajifunza

Mama Junior: Chukua shangazi. Ba mdogo hicho usikitie kwenye boksi, kifunge peke yake

Ba Mdogo: Nishakiweka pembeni