Wapishi wa Kigongo, Busisi na Makoroboi: mradi wa umma ukiwaondolea wateja, wana haki ya kupewa nafasi mpya?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za kazi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, Ghuba ya Mwanza, kati ya Kigongo na Busisi, inavukwa kwa dakika chache. Tuliopita pale enzi za vivuko tunajua tulikotoka: unangoja MV Mwanza, MV Misungwi au MV Sengerema, foleni ikiwa mbaya saa mbili zinakatika hujapanda, na ukishapanda bado kuna nusu saa ya maji. Kilomita 3 za daraja zimemaliza adha hiyo. Asije mtu hapa akasema napinga daraja. Swali langu ni la wale waliotulisha katika saa zile za kungoja.

Upande wa Busisi palikuwa na banda la mabati, mabenchi yake yamelainika kwa kukaliwa, ambalo watu wengi wa njia ya Geita tulikula kwa miaka. Mwenyewe tulimwita Mayo, yaani mama kwa Kisukuma, kama walivyomwita watoto wake. Alipika huku akiangalia ziwa. Kivuko kikiachia Kigongo, sato wanaingia kwenye karai. Kikifika katikati, ugali wa muhogo unasongwa. Kikigusa gati, sahani ziko mezani. Aliyeshuka alikuta chakula cha moto. Wewe unayengoja kupanda alishakuambia, "Kula taratibu baba, hicho bado hakijashusha malori," na ungemaliza, ukanawa, ukapanda bila kukimbia. Samaki wake alichanjwa mistari mirefu, chumvi ikaingia hadi kwenye mfupa, mkia ukakauka hadi unatafunika. Ukichelewa alikufungia, pilipili na ndimu pembeni. Hela ikipungua alisema utalipa ukirudi, na watu walirudi wakalipa. Nimekula sato Capri Point, mezani kuna kitambaa, na mkono ule sijaupata.

Banda lile limefungwa. Mayo hakuharibu chakula, hakupandisha bei, hakugombana na mteja. Njia ndiyo iliyohama mlangoni kwake, kwa uamuzi wa umma na fedha ya umma.

Na si Busisi tu. Hapa Mwanza mjini Soko Kuu la zamani lilivunjwa likajengwa jipya, stendi ya Nyegezi vivyo hivyo, na mwishoni mwa 2021 machinga na mama lishe wa katikati ya jiji walihamishiwa maeneo yaliyotengwa. Kila palipovunjwa palikuwa na jiko. Stendi ya zamani ulipata supu ya utumbo na chapati saa kumi na moja alfajiri, kondakta na abiria benchi moja. Majengo mapya ni mazuri na nayasifu, ila wapishi wangu wa zamani sijawaona ndani yake.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja katika fidia posho ya usumbufu, posho ya usafiri na hasara ya faida. Kanuni zake za 2001 zinakokotoa faida hiyo kwa kuchukua faida halisi ya mwezi mara miezi 36, ithibitishwe kwa mahesabu yaliyokaguliwa pale inapohitajika. Niambieni, mama wa karai anampata wapi mkaguzi wa mahesabu? Na hata akimpata, anayehesabiwa ni yule ambaye ardhi yake imetwaliwa. Aliyeondokewa na wateja, banda likabaki palepale, hana pa kusimama.

Msimamo wangu ni huu: mradi wa umma ukivunja mahali au ukihamisha njia, wapishi waliopo waorodheshwe mapema pamoja na wenye nyumba. Wapewe nafasi ya kwanza katika jengo au kituo kipya, na mwaka wa kwanza walipe kwa siku kama walivyokuwa wakilipa ushuru, si pango la miezi sita kwa mkupuo. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Sengerema:
Mkuu, nimekusoma kwa heshima, lakini mimi Busisi naikumbuka kwa jambo jingine. Nimekaa pale usiku na mgonjwa kwenye gari, tunampeleka hospitali ya Bugando, kivuko kiko ng'ambo. Samaki anakaangwa hatua chache kutoka tulipo na hakuna aliyekuwa na hamu naye. Saa zile mnazosema zilikuwa tamu, sisi tulizilipia. Mwenye banda alipata riziki kwa sababu sisi tumekwama, na mkwamo ukiisha riziki ile inaisha, ndiyo biashara. Simu zilipoingia, wenye vibanda vya kupigisha simu walifunga, nani aliwalipa? Ukianza fidia ya wateja, utamlipa na muuza mayai, na mpiga debe, na kila mtu.

Mtoa mada:
Pole kwa usiku ule, ndugu yangu. Ndiyo maana nilitangulia kusema daraja sina ugomvi nalo. Lakini mfano wa simu siukubali. Simu tulinunua wenyewe mmoja mmoja hadi kibanda kikakosa mtu. Daraja limejengwa na serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 700, kwa mchoro uliojulikana miaka kabla: jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019. Katika fedha hizo na muda huo, mahali penye maji, vyoo na mabanda ambapo basi linaweza kusimama ni gharama ndogo sana. Wala sijasema kila mtu alipwe wateja wake. Nimesema nafasi.

Mama wa Igoma:
Mnatuzungumzia kama tumekufa. Mimi nilikuwa Makoroboi, katikati ya jiji, nikahama 2021, na bado napika, ila nyumbani, kwa oda za misiba na vikao. Naomba mnisikilize wote wawili. Kuhama peke yake hakukuniua. Nilikopelekwa hapakuwa na mtu anayepita mchana. Mteja wangu alikuwa mbeba mizigo na muuza duka, ana dakika chache, hapandi daladala kufuata wali maharage. Nikatafuta fremu karibu na mjini, mwenye nyumba akataka miezi sita. Huku sato amepanda bei, na sahani ukiipandisha hata kidogo mbeba mizigo anakwenda kula muhogo. Nikahesabu, nikafunga.

Mtaniambia kuna mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 ni ya wanawake. Ulisimama Aprili 2023, umerudi mwaka uliofuata, hauna riba, sawa. Lakini ni wa kikundi. Wenzangu kwenye kikundi mmoja anauza mitumba, mwingine anafuga kuku, na sehemu yangu haitoshi hata pango. Sihitaji pesa ya huruma. Nataka mita chache palipo na miguu ya watu, na bomba.

Kijana wa Kirumba:
Wazo zuri, ila nafasi zikitangazwa zitakwenda kwa shemeji wa mtendaji. Mtaona majina ya watu ambao hawajawahi kushika mwiko, kisha wanampangisha mama huyuhuyu kwa bei ya juu.

Mtoa mada:
Kijana, hofu yako ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nishikilie orodha ya mapema. Wapishi hawa wana kumbukumbu serikalini: risiti za ushuru, na vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018. Orodha itoke huko, ibandikwe ofisi ya kata kabla ya nyundo ya kwanza, wenye mtaa waisome. Muuza supu wa stendi anajulikana na stendi nzima. Na atakayekutwa amepangisha nafasi yake, inyang'anywe.

Mama, wabeja sana, asante. Nilitaja malipo ya siku, lakini umenionyesha kwamba penye watu ndipo pa kuanzia. Mhandisi anayechora soko au stendi aweke majiko kwenye mlango ambao watu wanapita wakiwa na njaa. Tukiyaficha ghorofa ya juu nyuma ya vyoo, hata bure hawatakaa.

Mchangiaji wa Sengerema:
Orodha ya risiti nakubali. Bomba na nafasi penye watu, nakubali pia, kwa masoko na stendi, maana pale wateja bado wapo, wamehamia jengo jipya tu. Kwa Busisi sikubaliani hadi sasa. Basi la Geita likishaondoka Mwanza abiria wanataka kufika. Ukijenga kituo cha mapumziko pale, utamlazimisha dereva asimame? Na asiposimama, huyo Mayo utakuwa umemtia hasara mara ya pili.

Mtoa mada:
Hapo umeniuliza swali gumu. Kulazimisha, hapana. Lakini mabasi ya masafa yanasimama mahali fulani kwa ajili ya kula na kujisaidia, na mahali hapo huchaguliwa na wenye mabasi. Mimi naona halmashauri za Misungwi na Sengerema zikae nao, ziwaulize watasimama kwa masharti gani, kabla ya kumwaga zege. Wakisema hatusimami Busisi hata iweje, basi Mayo apewe nafasi Sengerema mjini, jina lake likiwa la kwanza. Kuna dereva au mwenye basi humu? Tuambie ungesimama wapi.