Watu wa usalama wakienda kuwasomea wabunge taarifa, wabunge waulize nini?

MwalimuWete
Asalaam aleikum wana barza. Mie nasomesha skuli moja huku Wete, wanafunzi wangu wa kidato cha tano wana mdahalo na wamepewa waigize kikao cha kamati. Upande mmoja ni maofisa wa idara ya usalama wanakuja kuwaeleza wabunge habari za usimamizi wa idara yao na mswada wa sheria unaowahusu, upande wa pili ndo wabunge. Sasa wale wa usalama washajipanga, wanasema wataingia, watasoma karatasi yao, wakiulizwa watajibu hiyo ni siri ya nchi, basi, kikao kimekwisha. Wabunge wangu wamekaa kimya hawajui washike wapi, na hilo ndo linaloniuma kwa sababu naona hata watu wazima wengi wangekaa kimya hivyo hivyo. Nisaidieni, idara kama hizi zikiitwa hujitayarisha vipi, na mbunge aulize kitu gani?

Bi_Shangani
Waalaikum salaam mwalimu. Kwanza kikao chako kiweke Dodoma kwenye Bunge la Muungano, usikiweke Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, imo kwenye nyongeza ya kwanza ya Katiba ya 1977, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 pamoja na marekebisho yake ya 2023 yote yamepita Bungeni. Baraza la Wawakilishi letu linaweza kuwahoji KMKM wanaolinda bahari, JKU wa kujenga uchumi au Mafunzo wa magereza kwa sababu hizo ni idara maalumu za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, lakini hawa wengine hawamo mkononi mwake. Ila vijana wasijione hawahusiki, majimbo yetu yana wabunge kule na Baraza lenyewe linapeleka wajumbe 5 Bungeni, hao tuna haki ya kuwauliza wakirudi nyumbani, mlituulizia nini kule?

Mzee_Mkoani
Mwalimu mie nimefanya ukarani wa vikao serikalini mpaka nastaafu, si wa usalama lakini kikao ni kikao. Taasisi ikiitwa na kamati kazi huanza mapema sana. Watakaa waorodheshe wajumbe mmoja mmoja, huyu anapenda kuuliza fedha, huyu jimboni kwake kuna kesi, huyu haulizi kitu. Halafu waandike maswali wanayoyatarajia na majibu yake, mkubwa ahojiwe na watu wake mwenyewe mpaka asibabaike. Mwisho wakubaliane kitu gani kisemwe, kitu gani kisisemwe mpaka kiulizwe. Hapo pa mwisho ndo penye kikao chote. Mbunge anayesubiri kusomewa atatoka na kile tu walichopanga kumpa, na hakuna mtu aliyemwambia uongo.

Waangalie Wamarekani. CIA, idara yao ya ujasusi wa nje, imeundwa kwa sheria ya 1947, na kwa miaka karibu thalathini iliangaliwa na vikamati vidogo vya wakubwa wachache waliokuwa hawaulizi. Mwaka 1956 seneta Mike Mansfield alitaka iundwe kamati maalumu ya kuisimamia, ikakataliwa kwa kura 59 kwa 27, na seneta mwenzake Leverett Saltonstall akasimama akasema wazi kwamba CIA hawakatai kuwaeleza, ni sisi wenyewe tusiotaka kuuliza, mengine ni bora tusiyajue. Basi mambo yakaenda hivyo mpaka magazeti yalipofichua mwishoni mwa 1974 kwamba wanapeleleza raia wao wenyewe, ndo ikaja kamati ya uchunguzi ya seneta Frank Church 1975, halafu kamati ya kudumu ya Seneti 1976, na ya Baraza la chini 1977.

Gombani_Juu
Samahanini lakini mie nawaunga mkono wale vijana wa upande wa usalama. Siri ni siri. Ukimwambia mbunge leo, kesho iko Darajani sokoni inauzwa na mchicha. Nchi hailindwi hivyo jamani, na yule afisa aliye kazini ana watoto wake.

Bi_Shangani
Gombani nakuelewa na hofu yako ni ya kweli, jina la afisa au la mtoa habari mbunge halimhusu kabisa. Lakini siri ya kazi ni mbali na siri ya sheria. Sheria gani inakuruhusu kusikiliza simu ya mtu, nani anasaini kibali, hakimu au mkubwa wako, kibali kinadumu muda gani, mtu akidhulumiwa anakwenda kushtaki wapi, haya ukiyajibu adui hapati kitu. Mambo mengine yazungumzwe mlango umefungwa, sawa, lakini yazungumzwe. Wakenya sheria yao ya idara ya ujasusi ya 2012 inataja usimamizi wa bunge na ina Bodi ya Malalamiko, Afrika Kusini wana kamati ya pamoja ya bunge na Inspekta Jenerali wa ujasusi tangu sheria ya 1994, na nchi hizo ziko palepale.

Na mwalimu, hili lisome darasani. Machi 2013 seneta Ron Wyden alimuuliza James Clapper, mkuu wa ujasusi wa Marekani, mbele ya kamera, je NSA, idara yao ya kunasa mawasiliano, inakusanya taarifa za mamilioni ya Wamarekani? Swali alikuwa ameshampelekea siku moja kabla ili ajitayarishe. Akajibu hapana, si kwa kukusudia. Juni mwaka huo huo nyaraka za siri alizozivujisha Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi NSA, zikatoka na watu wakaona rekodi za simu zao zinachukuliwa kila siku. Wyden alikuwa anajua jibu kwa sababu alikuwemo kwenye kamati ya ujasusi ya Seneti, lakini siri ilimfunga asiseme, alichoweza ni kuuliza tu, akauliza vizuri na jibu likabaki kwenye kumbukumbu.

MwalimuWete
Mashaallah, mmenifungua. Sasa kwenye huo mswada je, waanzie wapi? Muda wao ni mdogo.

Mzee_Mkoani
Waanzie kwenye maneno ya wajibu. Kifungu kinasema mkurugenzi "atatoa" taarifa au "anaweza kutoa"? Hapo ndo wanasheria wa idara wanapokesha. Sheria ya Marekani ya 1980 iliwataka wakubwa wa ujasusi waziarifu kamati za Bunge kwa ukamilifu na kwa wakati, lakini Januari 1986 rais Reagan alisaini ruhusa ya kuiuzia Iran silaha na akaagiza Bunge lisiambiwe. Ilipofumuka ndo wakakaza, sheria ya 1991 ikataka ruhusa kama hizo ziandikwe na zisitiwe saini baada ya jambo kufanyika. Basi kijana wako aulize, kwa maandishi au kwa mdomo, kabla au baada, na nikikuta hukuniambia nakufanya nini. Akijibiwa ni siri, aombe kikao cha faragha hapo hapo na aombe jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.