Sarafu ndogo za shaba za Roma: tununue bila kujua zilikofukuliwa?

Mleta mada

Wakuu, sarafu ndogo za shaba za karne ya 4, za enzi za kaisari Konstantino na wanawe, zinauzwa mtandaoni kwa mafungu zikiwa bado na udongo. Unaziloweka, unasugua taratibu, mpaka sura ya kaisari, au ya mungu wa kike Roma, ijitokeze. Nyuma unakuta askari wawili na bendera zao, au mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hekaya ya kuanzishwa kwa Roma. Raha yake naijua, na bei mtu wa kawaida anaimudu. Hata hivyo nasema: muuzaji asipoweza kueleza zilifukuliwa wapi, tusinunue.

Tazameni Frome, Somerset, Uingereza. Aprili 2010 Dave Crisp, akipita shambani na mashine ya kutambua metali, alikuta mdomo wa chungu. Akaacha kuchimba, akawaita wanaakiolojia. Chunguni mlikuwa na sarafu 52,503, uzito wa kilo 160 hivi, nao wakazitoa tabaka kwa tabaka. Sarafu za Carausius, mtawala aliyejitangaza kaisari huko Uingereza, zilizopigwa mwisho kuliko nyingine zote, hazikuwa juu kama mtu angetarajia. Nyingi zilikuwa chini. Kumbe chungu hakikujazwa kidogo kidogo kwa miaka, zilimiminwa kwa mkupuo mmoja. Tena kilikuwa chembamba mno kubebwa kikiwa kimejaa, kwa hiyo kilifukiwa kwanza ndipo kikajazwa. Kutokana na hayo Roger Bland wa British Museum alipendekeza kwamba huenda ilikuwa sadaka kwa miungu, si akiba ya mtu aliyekusudia kurudi kuichukua. Chukua sarafu hizo hizo, zigawe hamsini hamsini, uziuze: kila moja itabaki nzuri vilevile, lakini habari hiyo hakuna atakayeipata tena milele.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mfano wako unanisaidia mimi. Aliyegundua ni raia, na alitoa taarifa kwa sababu sheria haimnyang'anyi. Kwa Sheria ya Hazina ya Uingereza ya 1996, sarafu za shaba zenye umri wa zaidi ya miaka 300 zikikutwa pamoja kuanzia 10 ni hazina: zinaripotiwa, na jumba la makumbusho likizitaka linalipa. Za Frome zililipiwa pauni 320,250, zikaenda makumbusho ya Somerset. Moja moja si hazina, zinauzwa kihalali. Tangu 1997 kuna pia mpango wa kuandikisha kwa hiari vitu vya kale vilivyookotwa, na sasa umepita vitu milioni 1. Ukimwambia mkulima kila kitu ni cha serikali, ataficha.

Mchangiaji wa pili

Nenda basi Ratiaria, Bulgaria, mji wa Kirumi kando ya mto Danube. Baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka, wezi wa mambo ya kale waliuchimbua hata kwa matingatinga. Pesa ya mafuta ya yale matingatinga inatoka kwa wanunuzi. Mimi sinunui kabisa, yenye karatasi wala isiyo nayo.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, shaba hizi zilitembea tangu zamani zile. Herufi chini ya picha, kama SMANT, zinakwambia ilipigwa Antiokia, hazikwambii ilidondoka wapi. Marekani ilipoongeza baadhi ya sarafu kwenye makubaliano yake na Italia ya kuzuia vitu vya kale kuingizwa nchini mwake, mwaka 2011, wakusanyaji walilalamika kwa sababu hiyo. Na wengi waliozipanga kwa aina na kwa kiwanda kilichozipiga walikuwa watu binafsi.

Mleta mada

Wa kwanza, nakubali: utaratibu wa Uingereza ndio ninaoutaka, na sarafu iliyoandikishwa huko naitoa kwenye katazo langu. Wa pili, tupo karibu, ila ukikataa hata yenye kumbukumbu unamwondolea mgunduzi sababu ya kuandikisha.

Wa tatu, hapo hasa ndipo ninaposimama. Kama herufi hazisemi ilidondoka wapi, anayejua ni yule aliyeifukua peke yake, na akinyamaza hakuna kitabu cha kuziba pengo hilo. Mimi namtaka muuzaji anipe jina la eneo, mwaka, na namba ya kumbukumbu. Akinipa hayo nanunua hata iliyolika. Wewe ulipomuuliza muuzaji wako, alikujibu nini zaidi ya "Balkani"?