Naomba ushauri: mkanda wa saa unaofaa Mbeya na Kyela

Habari zenu wakuu. Nina saa ya Seiko aliyoniachia marehemu baba, yenye nafasi ya mkanda ya milimita 18, na mkanda wake wa ngozi umechanika kwenye tundu la tatu, palepale unapoingia ulimi wa bizimu. Kazi hunishusha Kyela mara kwa mara, ambako jasho huichakaza ngozi upesi, kisha narudi Uyole, ambako mkanda wa chuma asubuhi ni barafu tupu. Fundi mmoja wa Mwanjelwa ananisisitizia wa mpira. Kwangu mimi, unaishushia saa hii heshima. Je, wa nailoni, ambao hufulika na kukauka haraka, utafaa? Na pini za springi zinazoshikilia mkanda kwenye saa, ambazo moja imeanza kulegea, nibadilishe zote mbili?