Mpira mgumu kwenye pool: kujihami ni woga?

Wakuu, kila nikishika fimbo nasikia kauli ileile: "Piga! Anayejihami ni mwoga." Yaani ulenge shimo kila mara, usicheze kumnyima mpinzani nafasi. Mimi napinga.

Chukua hali hii. Umebakiza mpira wako mmoja kabla ya nane, ule mweusi wa kumalizia. Shimo la kona unalolitaka liko mita 2 mbele yake, na mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo, umekaa vibaya, lazima mpira wako uukate mwembamba sana, yaani mweupe uuguse pembeni tu. Mpira una kipenyo cha milimita 57. Mdomo wa kona kwenye meza ya mashindano ni kama mipira miwili kwa upana, kwa hiyo kila upande una nafasi isiyofika sentimita 3. Kwa umbali huo, mpira ukipotoka digrii moja tu umeshahama sentimita 3 na nusu. Digrii moja! Na mkato ukiwa mwembamba, kosa dogo la mkono linageuka kubwa kwenye mpira unaolengwa. Ukikosa, mweupe unazurura meza nzima na mpinzani anaachiwa njia wazi.

Mimi hapo naugusa mpira wangu, nausukuma hadi ukingoni ili isiwe faulo, na mweupe naulaza nyuma ya nane. Mpinzani ahangaike kutafuta njia ya kufikia mipira yake. Kanuni za kimataifa za mipira minane zenyewe zinaruhusu mchezaji atangaze kwamba anajihami. Woga uko wapi?

Mchangiaji: Mkuu, hesabu nazikubali, ila umesahau mkono. Anayejificha kila siku hajifunzi kukata, na siku ya fainali mpira huohuo utamjia hana pa kujificha. Mimi napiga, ila taratibu, ufike shimoni umechoka. Nikikosa, unabaki mdomoni mwa shimo, umemzibia kona.

Mleta mada: Hilo la kuziba kona ni akili kubwa, na mpira ulionyooka nami naucheza hivyohivyo. Lakini mkato mwembamba hauchezeki taratibu, ndugu yangu. Mpira unaolengwa unapokea kasi kidogo tu, iliyobaki yote inakwenda na mweupe. Ili ufike mita 2 ni lazima uupige mweupe kwa nguvu, na hapo ndipo unapoanza kugonga kingo tatu, nne, unapita karibu na kila shimo. Ukidumbukia, umempa mpinzani mweupe mkononi, auweke anapotaka. Kuhusu mazoezi uko sahihi kabisa: huo mkato nitaupiga mara mia nikiwa peke yangu mezani. Ila niambie, kwenye mchezo wenyewe, mweupe wako unaupangia ukalale wapi?